Kusoma Turufu 22 za Taroti: Anza na Picha, Maneno Yatafuata

Mtu aliyekulia pwani akicheza karata barazani anayajua majina kopa, uru, shupaza na pau tangu utotoni, lakini pengine hakuwahi kuambiwa maana yake ya asili. Yote manne yametoka katika Kireno: kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga na pau ni fimbo. Hayo ndiyo mafungu manne, mpaka leo, ya karata za taroti, pakiti yenye picha ambayo watu wengi huitumia kupigia ramli. Hata neno turufu lina ukoo huo huo, kwa kuwa limetufikia kupitia Kireno kutoka neno la Kiitaliano trionfi, yaani maandamano ya ushindi, nalo trionfi ndilo jina la kwanza lililopewa karata 22 ambazo mwongozo huu unazieleza. Kwa hiyo Mswahili anayeanza kujifunza taroti anakuta sehemu ya msamiati wake imekwisha kukaa mdomoni mwake kwa karne kadhaa.

Pakiti kamili ina karata 78. Karata 56 zimegawanyika katika mafungu hayo manne, na 22 zilizobaki ni turufu, ambazo walimu wengi huziita karata kuu. Kila turufu ina picha, jina na namba, kuanzia Juha mwenye sifuri hadi Ulimwengu wenye 21.

Kabla ya kuendelea ni haki nieleze ninachofundisha. Wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu au Wakristo, na dini zote mbili zinakataza kupiga ramli; mimi sidai kwamba karata zinaijua kesho ya mtu, wala sitafundisha kutabiri. Ninachofundisha ni kusoma lugha ya picha iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa, ambayo mtu anaweza kuitumia kutafakari maisha yake, kuelewa sanaa ya Ulaya, au kuandika hadithi. Lugha hiyo inastahili heshima ya kusomwa vizuri, na watu wengi huinyima heshima hiyo kwa kukariri orodha ya maana badala ya kutazama kilichochorwa.

Jua kwanza turufu ilikuwa nini

Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka ulimwengu wa Kiislamu. Pakiti ya enzi ya Wamamluki wa Misri iliyohifadhiwa katika jumba la Topkapı mjini Istanbul ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Wazungu wa wakati ule hawakuujua mchezo wa polo, na fimbo hizo zikageuka kuwa virungu vya kawaida. Katika karne ya 15, kaskazini mwa Italia, ziliongezwa turufu zenye picha, na baadhi ya pakiti zilizosalia zilichorwa kwa mkono na kupakwa dhahabu kwa ajili ya familia za Visconti na Sforza zilizotawala Milan. Kazi ya karata hizo ilikuwa kuchezwa. Imani kwamba zina siri ya Misri ya kale ilienezwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, miaka 41 kabla Champollion hajaeleza namna ya kusoma maandishi ya Kimisri, na hakuna ushahidi uliopatikana wa kuiunga mkono.

Historia hii si pambo, kwa sababu ndani yake mna ufunguo wa kwanza wa kusoma. Katika mchezo, turufu kubwa huishinda turufu ndogo. Panga karata zako 22 kwa mfuatano, kisha jiulize kila mmoja anamshindaje aliyemtangulia. Mfanya mazingaombwe wa mtaani yuko chini kabisa. Juu yake wamo watawala wa dunia na wa dini. Kisha Wapendanao, maana mapenzi huwashinda hata wafalme. Mauti ana namba 13, naye amewaangusha wote waliomtangulia, lakini ukitazama mbele yake utakuta karata nane ambazo zinamshinda yeye. Mtu aliyelielewa jambo hilo moja hawezi tena kushtuka anapomwona Mauti mezani, kwa kuwa waliozipanga karata hizi hawakumpa neno la mwisho.

Chagua pakiti moja na uitazame bila kitabu

Kwa anayeanza napendekeza pakiti iliyochapishwa London mwaka 1909 na kampuni ya William Rider, iliyobuniwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith. Pakiti nyingi za kisasa zimeiga michoro yake, na ukiielewa hiyo utazielewa nyingine kwa urahisi. Smith alizaliwa London mwaka 1878, akaishi sehemu ya utoto wake Jamaika, na akafanya kazi na watu wa tamthilia. Ndiyo maana watu katika karata zake wanasimama kama waigizaji jukwaani, na mkao wa mwili unasema mengi kuliko sura. Kwa miaka mingi pakiti hiyo ilitajwa kwa jina la mchapishaji na la Waite peke yao, na ninafurahi kwamba siku hizi wengi wanalitaja jina la mwanamke aliyeichora.

Chukua karata moja, weka kitabu mbali, na uandike kwenye daftari unachokiona kana kwamba unamweleza mtu asiyeiona. Anza na mwili: mtu amesimama, ameketi, anatembea au anaanguka? Mikono yake inafanya nini? Kisha tazama ardhi na mbingu, halafu vitu vidogo, na mwisho rangi. Usiandike neno la maana mpaka umalize kueleza.

Tujaribu na Juha. Kijana amefika ukingoni mwa genge, uso wake ameuinua juu, na hatazami anakokanyaga. Begani ana fimbo yenye kifurushi kidogo, mkononi ana waridi jeupe, na mbwa mdogo mweupe anarukaruka kando yake. Jua ni jeupe nyuma yake. Hapo tayari una maswali mazuri kuliko neno «mwanzo mpya» ambalo orodha zingekupa. Mbwa anamwonya au anamshangilia? Kifurushi ni kidogo kwa sababu kijana ni maskini, au kwa sababu hajui safari inahitaji nini? Jina la Juha linatusaidia sana hapa, kwani Mswahili anamjua Juha wa hadithi kuwa mtu anayechekwa na wote na ambaye, mara nyingine, ujinga wake unafichua ukweli ambao wenye akili hawakuuona. Sifuri yake ina maana hiyo hiyo: katika mchezo wa zamani Juha hakuhesabiwa katika ngazi ya turufu, hakumshinda mtu wala hakushindwa.

Mfanya mazingaombwe mwenye namba 1 ni kinyume chake. Yeye anajua kila kitu kilichoko mezani pake: kikombe, upanga, fimbo na sarafu, yaani yale mafungu manne yote. Mkono wa kulia ameuinua juu na wa kushoto ameuelekeza chini, kana kwamba anapokea kutoka juu na kuleta ardhini. Juu ya kichwa chake ipo alama ya nane iliyolazwa, ishara ya kitu kisicho na mwisho. Kumbuka lakini kwamba katika pakiti za kale alikuwa mtu wa sokoni anayewachezea watu kiini macho. Ustadi na ulaghai vimeketi meza moja, na msomaji makini haondoi kimojawapo.

Fuata kitu kimoja kutoka karata hadi karata

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayomtofautisha anayesoma na anayekariri. Tandaza turufu zote 22 mezani, chagua kitu kimoja, na ukitafute kila mahali kilipo.

Anza na ile nane iliyolazwa. Imo juu ya kichwa cha Mfanya mazingaombwe, na imo pia juu ya kichwa cha mwanamke katika karata ya Nguvu, ambaye amemshika simba kinywa kwa mikono mitupu na kwa uso mtulivu. Mmoja anatumia vyombo, mwingine hana chombo chochote. Ukiziweka karata hizo mbili pamoja, Nguvu inaacha kuwa ubabe na inakuwa uwezo wa aina ile ile ya Mfanya mazingaombwe, uliohamia ndani ya mtu.

Sasa tafuta nguzo. Kuhani wa Kike ameketi kati ya nguzo mbili, moja nyeusi yenye herufi B na nyingine nyeupe yenye herufi J. Hizo ni Boazi na Yakini, nguzo za hekalu la Sulemani zinazotajwa katika 1 Wafalme sura ya 7. Nyuma yake limetundikwa pazia lenye makomamanga, na gombo alilolishika limefunikwa nusu kwa joho lake. Kuhani Mkuu mwenye namba 5 naye ameketi kati ya nguzo mbili, lakini kwake hakuna pazia. Mbele yake wamepiga magoti watu wawili na miguuni pake kuna funguo zilizopishana. Haki vilevile ameketi kati ya nguzo mbili, upanga mkono mmoja na mizani mkono wa pili, na macho yake hayakufungwa kitambaa kama tulivyozoea kuona kwenye sanamu za mahakama. Kila mmoja analinda mlango. Wa kwanza analinda elimu isiyosemwa, wa pili analinda mafundisho yanayotolewa hadharani, wa tatu anapima kila anayetaka kupita huku akimtazama usoni.

Waridi jeupe la Juha linajitokeza tena mahali ambapo wengi hawalitazamii, yaani kwenye bendera nyeusi ya Mauti. Farasi mweupe wa Mauti anarudi katika karata ya Jua akiwa amebeba mtoto aliye uchi, na nyuma yake alizeti zimechungulia juu ya ukuta. Minara miwili iliyo mbali nyuma ya Mauti, ambayo jua linaonekana katikati yake, imesogea karibu katika karata ya Mwezi. Makomamanga ya pazia la Kuhani wa Kike yamehamia kwenye gauni la Malkia, na taji ya Malkia ina nyota 12 kama ya yule mwanamke wa Ufunuo sura ya 12. Wale wenye uhai wanne wa Ezekieli na wa Ufunuo, yaani mwenye sura ya mwanadamu, tai, simba na ng'ombe, wamo katika pembe za karata ya Gurudumu la Bahati wakisoma vitabu, na wamo tena katika pembe za Ulimwengu, safari hii bila vitabu. Wamemaliza kusoma, ndivyo ninavyoielewa mimi.

Namba nazo zitazame, ila kwa tahadhari. Katika pakiti za kale za Ufaransa, Haki ilikuwa ya 8 na Nguvu ya 11. Waite alizibadilishana nafasi kwa kufuata mpangilio wa chama cha siri cha Golden Dawn, ambacho yeye na Smith walikuwa wanachama wake, kilichotaka karata zilingane na mfuatano wa nyota za Simba na Mizani. Anayejenga maana kubwa juu ya namba 8 lazima aseme anazungumzia pakiti ipi.

Karata zinazotisha

Mauti, Shetani, Mnara na Mtu Aliyening'inizwa ndizo karata zinazowafanya watu waogope, na ndizo zinazosomwa vibaya kuliko zote. Nitakaa nazo kidogo.

Mtu Aliyening'inizwa anafungwa mguu mmoja na kichwa kinaelekea chini. Katika Italia ya zamani wasaliti na wadaiwa walioaibisha mji walichorwa ukutani wakiwa wametundikwa kwa mguu, na karata hii iliitwa Msaliti. Smith aliihifadhi aibu hiyo ya mkao, lakini akampa mtu huyo uso mtulivu na duara la nuru kichwani, na mti aliotundikwa una majani mabichi. Soma vyote viwili kwa pamoja: yuko mahali ambapo watu wanamwona ameshindwa, naye anaona jambo ambalo wao hawalioni. Anayesema tu kwamba karata hii ni «kujitoa mhanga» amelifuta kosa analotuhumiwa, na anayesema ni «adhabu» ameifuta nuru.

Katika Mauti, tazama watu wanne walio mbele ya farasi. Mfalme amelala chali, taji imeanguka. Askofu amesimama akiomba kwa mikono iliyokunjwa. Msichana amepiga magoti na kugeuza uso. Mtoto peke yake anamtazama mpanda farasi bila woga, akiwa na maua. Karata inaonyesha namna nne za kupokea jambo lisilozuilika, na unapoisoma, swali lenye manufaa ni lipi kati ya hayo manne unalifanya wewe.

Shetani hueleweka papo hapo ukimweka kando ya Wapendanao. Mpangilio ni ule ule: mwanamume na mwanamke walio uchi, na kiumbe chenye mabawa juu yao. Malaika amebarikia kule. Huku kiumbe kimeinua mkono wa kulia na kushusha mwenge kwa mkono wa kushoto, mkao wa Mfanya mazingaombwe uliopotoshwa. Sasa tazama minyororo shingoni mwa wale wawili. Imelegea kiasi kwamba wangeweza kuivua. Hilo ndilo kiini cha karata, na halimo katika jina lake.

Mnara sina mengi ya kuusemea. Radi imepiga, taji iliyofunika kilele imeruka, watu wawili wanaanguka. Kilichojengwa juu ya kiburi kimefunguliwa kwa nguvu, na hakuna haja ya kulainisha jambo hilo. Ila usiisome karata hii bila ile inayofuata, Nyota, ambapo mwanamke asiye na nguo wala kuta za kumkinga anamimina maji kutoka mitungi miwili, mmoja kwenye kidimbwi na mwingine ardhini. Baada ya mnara kuanguka, mbingu imeonekana.

Karata ya Kiasi nayo, yenye namba 14, inastahili kutajwa hapa kwa sababu inafuata moja kwa moja baada ya Mauti. Malaika ameweka mguu mmoja ndani ya maji na mwingine nchi kavu, akimimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine, ishara ya kale ya kuchanganya divai na maji. Msiba ukipita, kazi ya kwanza ni kupima upya, kidogo kidogo.

Kuzisoma karata tatu kwa pamoja

Tuseme mwalimu anatafakari kuacha ajira na kuanza shughuli yake mwenyewe, naye ametoa karata tatu: Gari la Vita, Mtu Aliyening'inizwa na Mwezi. Aliyekariri orodha atasema «ushindi, subira, udanganyifu» na kumwacha mwalimu pale pale alipokuwa.

Tazama picha badala yake. Gari la Vita lina dereva mwenye silaha na paa la nyota, lakini mikononi hana hatamu, na wanyama wawili wenye miili ya simba na vichwa vya watu, mmoja mweusi na mwingine mweupe, wameketi chini. Gari halisogei. Mtu Aliyening'inizwa hasogei kwa sababu amefungwa. Katika Mwezi ipo njia inayoanzia kwenye kidimbwi, anakotoka kamba mwenye magando, ikapita kati ya mbwa na mbwa mwitu, ikapita kati ya minara miwili na kupotelea milimani, lakini hakuna mtu hata mmoja anayeitembea. Karata tatu, na zote zimesimama. Sasa mwalimu anaweza kuulizwa maswali ya maana: je, una vifaa vyote na umekosa tu kuamua ni mnyama yupi aanze kuvuta? Aliyekufunga mguu ni nani, na una hakika fundo halikufungwa kwa mkono wako? Kama njia ingekuwa na mwanga wa mchana badala ya mwanga wa mwezi, kuna kitu gani ungekiona ambacho sasa unakihisi tu? Majibu anayo yeye. Kazi ya msomaji ni kumwonyesha picha kwa uaminifu na kutojaza hofu mahali ambapo mchoraji hakuiweka. Na asiwepo mtu wa kumwambia mwenzake kuhusu ugonjwa, kifo au kesi kwa sababu ya karata.

Wasomaji wengine huhesabu pia karata iliyotoka kichwa chini, na kuipa maana iliyogeuzwa au iliyopungua nguvu. Kwa anayeanza nashauri aziweke zote wima kwa miezi ya mwanzo, kwa kuwa picha 22 zina kazi ya kutosha. Isipokuwa zoezi moja, ambalo ningependa kila mwanafunzi alifanye mapema. Mchukue Mtu Aliyening'inizwa, mgeuze, na umweke kando ya karata ya Ulimwengu, ambapo mwanamke anacheza ndani ya shada la majani akiwa na fimbo mbili mikononi. Mtazame miguu, kisha mtazame yule aliyegeuzwa. Mguu mmoja umenyooka, mwingine umekunjwa na kupita nyuma yake. Ni mkao ule ule. Tofauti ni kwamba mikono ya mmoja imefichwa nyuma ya mgongo, na ya mwingine imefunguliwa.